Kanda ya Milima Mitatu

Tunduma,
11 Januari 1993

Dada Ferista,

Shikamoo. Kabla hujaletewa habari hii na watu wa magari, nakwambia mwenyewe: nimetoka Forodha Boys. Miaka kumi na moja nimepiga gitaa la solo katika bendi ile, na juzi Jumamosi nimelifunga gitaa langu kwenye blanketi nikaondoka.

Utauliza tuligombania nini. Hatukugombana. Tulikuwa mazoezini, tunapanga nyimbo za kwenda kurekodi. Nikasimama kusema kwamba wimbo mmoja niliouandika nataka urudishiwe maneno yake ya mwanzo, maana Sebastian aliyabadilisha. Nilifika kwenye "nataka", ulimi ukakwama. Wewe unajua unavyokwama. Sebastian akangoja kidogo, kisha akanimalizia: "Anataka soda." Wenzangu wakacheka wote. Mmoja akaenda kweli kuniletea hiyo soda, nami nikainywa. Hilo ndilo linaloniuma, dada, kwamba niliinywa.

Sebastian si mtu mbaya. Ndiye aliyenikuta nabeba magunia pale mpakani akanishikisha gitaa la umeme. Lakini tangu siku hiyo amekuwa akinisemea: kwa wenye kumbi, kwa watangazaji, hata kwa wasichana. Yeye amezoea na mimi nimezoea, na kila ninachoandika kikishapita mdomoni mwake kinakuwa chake.

Ijumaa napanda treni kwenda Zambia. Kuna mtu wa Kitwe anaitwa Watson, ana studio ndogo. Alinisikia tulipopiga Nakonde akaniachia anwani. Nitatengeneza kanda yangu mwenyewe, yenye jina langu peke yake. Itakuwa roki, ile ile ya gitaa linalonguruma ambayo unasema inakuumiza kichwa.

Najua kwa maneno ya mdomo ningetumia siku nzima kukueleza haya. Ndiyo maana nashukuru ulinifundisha kuandika.

Mdogo wako,
Amoni


Itumba,
6 Februari 1993

Amoni mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma vipande vipande hapa kituo cha afya, kati ya mama mmoja wa kujifungua na mwingine. Wiki hii wamezaliwa tisa na wote wazima.

Sikulaumu. Nimesikitika tu kwamba hukupitia nyumbani. Unakumbuka mlipokuja kupiga Vwawa ile sikukuu ya wafanyakazi? Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wauguzi wenzangu, tunakula wali. Ulipoanza kupiga peke yako, yule bwana afya wetu alikaa na tonge mkononi mpaka ulipomaliza. Sijui habari za muziki wenu, lakini nimewahi kuona mikono inayojua kazi, na yako inaijua. Niliwaambia wote pale kwamba huyo ni wa kwetu Ikinga na mimi ndiye niliyemlea. Nadhani niliwachosha.

Kitu kimoja sikitaki kwenye kanda yako, ule wimbo wenu wa "Nibebe mgongoni, mama, nimechoka." Kila harusi unapigwa, na wanaume wazima wanaparamia migongo ya wanawake ukumbini. Kama umeuandika kwa ajili ya yule mwanamke wa Nakonde niliyeambiwa, mimi siulizi. Ila usinipigie.

Sebastian alikuja hapa Jumapili. Alipanda gari kutoka Mpemba kuja kukutafuta. Aliuliza uko wapi, nikamwambia sijui. Nimemdanganya mtu nikiwa nimetoka kanisani saa hiyo hiyo. Alikaa kimya kwenye kochi langu, na mimi sikujua kama yule mtu anaweza kukaa kimya. Halafu akaaga.

Kula vizuri. Andika.

Ferista


Kitwe,
28 Machi 1993

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kitwe kuna mvua nyingi na maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto. Watson ni mtu mwema, mfupi, amevaa miwani iliyofungwa na uzi. Kiswahili chake ni kile cha wafanyabiashara wa mpakani. Ana mashine ya kurekodia ya zamani, na kabla hajaiwasha huipigapiga mgongoni kama anambembeleza mtoto acheue.

Magitaa ya nyimbo zote nane yamekwisha kuingia. Watson akanipa kikanyagio cha kukwaruza sauti, nikikikanyaga gitaa linakuwa kama kinu cha mashine kinachosaga mahindi makavu. Nilipomaliza wimbo wa tatu alivua miwani akasema hajasikia kitu kama kile tangu zile bendi za zamani za kwao zilipokufa. Nilifurahi, nikaanza wimbo wa nne hapo hapo.

Kazi inakwenda. Bado kuingiza sauti tu. Mwimbaji tutampata.

Huku sukari ipo, sabuni ipo. Jirani yangu anafuga bata.

Amoni


Itumba,
2 Mei 1993

Amoni,

Mimi napokea watoto kwa kazi. Mtu akiniambia hana maumivu namtazama vidole vya miguu. Umeniandikia habari za sukari, sabuni na bata. Niambie kuna nini.

Nadhani najua. Umesema bado sauti tu, kana kwamba sauti ni kitu kidogo. Kwa hiyo nitakwambia jambo ambalo ilinipasa kukwambia zamani.

Ulikuwa unaimba. Ulikuwa na miaka saba, nane, unaimba nyuma ya jiko la bibi huku unachambua maharage, na maneno yalikuwa yanatoka yote, hakuna lililokwama. Nilikuwa nasimama ndani na sufuria mkononi nisikutishe. Kisha ukasimamishwa kanisani kusema mstari wa Pasaka, ukakwama kwenye neno la kwanza, watoto wakacheka, na wakubwa wakacheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mimi nilikushika mkono nikakwambia, "Usifungue tena mdomo mbele za watu. Wakikuuliza kitu, mimi nitajibu."

Ulinitii. Hata nyuma ya jiko hukuimba tena.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilidhani nakukinga. Nimemchukia Sebastian kwa ajili ya ile soda, na wiki nzima hii nimekuwa nikifikiri kwamba alichofanya yeye mimi nilikianza. Kwa hiyo leo nakufungulia. Kama mwimbaji hapatikani, yupo. Amekaa hapo ulipokaa.

Dada yako,
Ferista


Kitwe,
19 Juni 1993

Dada,

Shikamoo sana.

Nilikuficha. Watson alileta waimbaji watatu. Wa kwanza alikuwa na sauti nzuri lakini maneno yetu ya Kindali aliyatamka mpaka yakawa matusi. Wa pili alitaka wimbo uwe wa disko. Wa tatu aliimba vizuri kabisa, na nilipomsikiliza nikaona ni Sebastian mwingine, kwamba nimesafiri kote huku kuja kupata mtu wa kunisemea. Watson akaniuliza, "Sasa wewe unataka nini?" Nikakwama kwenye "nataka". Nikatoka. Nilipoandika ile barua ya bata nilikuwa sijakanyaga studio kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa napakua mahindi kwenye malori sokoni, kazi ile ile niliyokuwa nafanya kabla ya gitaa, na nilikuwa nafikiria namna ya kurudi bila kukutana na mtu.

Barua yako ilinikuta sokoni. Nilikaa juu ya gunia nikaisoma. Nilikuwa nimesahau, dada. Yale ya kanisani nayakumbuka mpaka rangi ya mapazia, lakini kuimba nyuma ya jiko nilikuwa nimesahau kabisa, kama habari za mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Watson na vumbi la mahindi kichwani. Nilimwandikia kwenye karatasi: Nataka kujaribu mwenyewe, usinitazame. Akasoma, akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Akasema, "Panono panono," ndivyo wanavyosema polepole kwa Kibemba.

Mara ya kwanza haikutoka sauti. Mara ya pili nilitoa sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe. Mara ya tatu nilifumba macho, nikaanza, na maneno yakaja, moja nyuma ya lingine, wala hakuna lililogoma mlangoni. Nilifika mwisho wa wimbo nikaendelea kuimba bila gitaa kwa sababu niliogopa kunyamaza. Watson alikuwa bado anatazama ukuta, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza.

Sauti yangu si nzuri, ina mikwaruzo, na nikipanda juu inapasuka. Watson amekataa kuisafisha. Amesema gitaa na sauti vimezaliwa tumbo moja, asivitenganishe.

Tumebakiza nyimbo mbili. Nikizungumza bado nakwama kama zamani. Asubuhi leo nilitumia dakika nzima kuomba chumvi. Lakini naomba chumvi hiyo nikiwa mtu mwingine.

Amoni


Tunduma,
4 Oktoba 1993

Ndugu Amoni,

Anwani nimeitoa kwenye jalada la kanda yako. Ndiyo, imefika. Wafanyabiashara wameivusha kutoka Nakonde, na mimi niliisikia kwa Roda, yule mama wa mitumba, ambaye ameweka spika juu ya marobota ya nguo. Nilikuwa napita. Nilisikia gitaa nikajua ni wewe kabla sijaona mtu wa kumuuliza. Kisha ikaingia sauti ya kuimba, nikamuuliza Roda ni nani huyu mwenye koo la mchanga. Akanicheka. Akasema, "Miaka yote hiyo umekaa naye, humjui?"

Nilisimama pale mpaka upande wa kwanza ukaisha, nikamwomba ageuze.

Mimi ni mtu wa kusema sana na leo sina maneno mengi. Wimbo wa tatu, mahali ambapo mpiga solo yeyote angekimbiza vidole ili watu wapige makofi, wewe umepiga noti moja ukaiacha izime yenyewe. Nani alikufundisha? Kijana tuliyemchukua baada yako anajua noti zako zote, kila moja. Asichokijua ni wapi pa kunyamaza. Nilijua kwamba wewe ni hodari, Amoni. Ila nilidhani wewe ni hodari nyuma yangu.

Halafu wimbo wa mwisho. Miaka yote nimeimba "Nibebe mgongoni, mama, nimechoka," nikiwakonyeza wasichana, na watu wakabebana. Kwa Roda nikasikia ulivyouandika: "Ulinibeba mgongoni, dada, hukuchoka." Mimi ndiye niliyeubadilisha. Ulinipa karatasi, nikaitazama mara moja, nikasema watu hawataki huzuni, wanataka kucheza. Ulifungua mdomo, nami sikungoja.

Nimejiuliza kwa miezi kadhaa siku ile ya soda ulitaka kusema nini. Sasa najua.

Sikuombi urudi kwenye bendi. Mwenye kanda ile harudi kusimama nyuma ya mtu. Nakuomba uje Tunduma sikukuu ya mwaka mpya, upige nyimbo zako, sisi tukupigie. Mimi nitashika besi. Unajua nilikuwa mpiga besi kabla sijapata mdomo.

Kama hutaki, nitaelewa, na kanda nitaendelea kuisikiliza.

Sebastian Siame


Kitwe,
25 Oktoba 1993

Kaka Seba,

Salamu nyingi. Barua yako nimekaa nayo siku nne. Siku ya kwanza niliikasirikia, ya pili nikaicheka, ya tatu nikaenda kumsomea Watson. Akasema mtu anayeweza kuandika hivyo ashikishwe besi haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Nitakuja. Nina sharti moja. Nikisimama kwenye kipaza sauti nikitaka kusema neno na watu, msinisaidie. Hata kama pombe zitapoa na watu watakwenda haja na kurudi. Mningoje.

Na nina ombi. Dada yangu hajaisikia kanda. Nimeandika bahasha mara tatu nikairudisha mfukoni. Aliniambia wazi kwamba wimbo ule nisimpigie, kwa sababu anaujua kwa maneno yako, na anadhani niliuandika kwa ajili ya mwanamke fulani wa Nakonde. Hajui kwamba ni yeye. Nilipokuwa na miaka mitatu niliugua surua, mama alikuwa amekwisha kufariki, na Ferista, akiwa na miaka kumi na mitatu, alinibeba kutoka Ikinga mpaka hospitali ya misheni. Njiani kuna milima mitatu. Bibi alinisimulia, na kila mara alimaliza kwa kusema hakuchoka mtoto yule, hakuchoka hata kidogo. Mimi mwenyewe sikumbuki kitu. Kwa hiyo niliandika nilichoambiwa, na kanda nikaiita Milima Mitatu.

Mpelekee wewe. Ulimwimbia vibaya, mpelekee ulio sahihi.

Wako,
Amoni Kibona


Itumba,
21 Novemba 1993

Amoni,

Sebastian alifika jana. Nilimwona anashuka kwenye gari na redio kaseti yake begani, na betri mpya mfukoni maana hakuamini kwamba za zamani zitafika mwisho. Alisema, "Nimetumwa na Amoni," akaketi, akaweka kanda. Nyimbo saba tulisikiliza pamoja. Muuguzi mwenzangu Anyitike alikuja mlangoni, akaingia, kisha wakaja majirani. Mzee mmoja aliuliza hilo ni gitaa au ni gari linapanda mlima na mzigo. Nikamwambia ni gitaa, na anayelipiga ndiye anayeimba, na ndiye niliyemlea. Safari hii hakuna aliyechoka kunisikia.

Ulipofika wimbo wa nane Sebastian aliinuka akatoka nje. Nilishangaa. Kisha nikasikia.

Sitakueleza nililiaje. Anyitike atakueleza, anamweleza kila mtu. Nataka kukueleza kitu kingine, kwa sababu umeimba vizuri mno, na wewe unastahili kujua ulichoimba.

Nilichoka, Amoni.

Bibi hakuwapo. Aliniona nikiondoka na aliniona nikirudi, ya katikati aliyatunga. Mlima wa kwanza nilipanda vizuri. Wa pili miguu ilianza kutetemeka, nawe ulikuwa unawaka moto mgongoni kwangu, na nilikuwa na hakika kwamba utakufa kabla hatujafika, kama mama. Nikakufungua kanga, nikakulaza kwenye majani kando ya njia. Nikaondoka. Nilishuka kurudi nyumbani, kama hatua hamsini. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitakachomwambia bibi.

Ukaniita. Hukulia, uliita tu jina langu, "Ferista," wazi kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba wanachelewa. Wakati huo ulimi wako ulikuwa haujaanza kukusumbua. Nilisimama pale njiani. Ukaita tena. Ndipo nikarudi, nikakufunga mgongoni, nikapanda mlima wa tatu nikiwa nakuomba uendelee kuniita, na ulikuwa unaniita mpaka tukaona bati za hospitali.

Miaka ishirini na saba sijamwambia mtu. Watu wakinisifu kwa kukulea natazama chini, nao wanadhani ni unyenyekevu. Jana nilimsikia mdogo wangu akiniimbia mbele ya majirani kwamba sikuchoka, kwa sauti ile ile niliyomwambia aifungie, na nikaona siwezi kukaa na uongo ndani ya wimbo mzuri namna hii.

Lakini usiyabadilishe maneno. Nimefikiri usiku na mchana wa leo. Yaache hivyo hivyo. Bibi alitaka niwe hivyo, wewe uliamini nilikuwa hivyo, na nadhani nimekuwa muuguzi kwa sababu ya kujaribu kuwa hivyo.

Sebastian ameondoka leo asubuhi. Amesema mwaka mpya ukumbi utajaa watu mpaka wa upande wa Zambia, na kwamba anafanya mazoezi ya besi kila siku na vidole vimetoka malengelenge. Nitakuja kukusikia. Nimekwisha kuomba ruhusa.

Ila wewe njoo kwangu kwanza, kabla ya Tunduma. Usiniandikie jibu la barua hii. Nataka ukae hapa jikoni unitazame usoni, uniambie kwa mdomo wako unavyoniona sasa. Kuanzia tarehe ishirini Desemba sina zamu wiki nzima, kwa hiyo hata neno moja likichukua siku, siku hiyo ipo.

Ferista